Somo la uuguzi huiva kando ya kitanda

SIKU ya tano baada ya mama yangu kulazwa hospitalini kwa kuvunjika mfupa wa paja, msichana aliyevalia sare ya wanafunzi wa uuguzi alisimama kando ya kitanda chake, akamshika kifundo cha mkono kama anayepima mapigo ya moyo, kisha akanyamaza kimya. Nilipomtazama vizuri niliona kwamba macho yake hayakuwa kwenye mkono. Yalikuwa yakitazama kifua cha mama kikipanda na kushuka, na mara mojamoja yakirudi kwenye saa ndogo aliyoibana kifuani.

Nilidhani amepotelewa na hesabu. Wauguzi niliowaona siku zilizotangulia walikuwa wakimaliza kitanda kimoja kwa nusu dakika na kwenda kwa kingine. Huyu alikaa dakika nzima, akaandika, akakunja uso, halafu akaanza kuhesabu upya.

Mimi ndimi niliyekuwa nikimwuguza mama, kwa hivyo chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda nilikuwa nimeizoea. Katika safu ya kupumua palikuwa na tarakimu moja tu iliyorudiwa tangu siku ya kwanza: 20, 20, 20, 20. Msichana huyo alikuwa ameandika 34.

"Mama, kifua unakisikiaje?" aliuliza.

"Ni kibaridi cha usiku tu, mwanangu. Kitaisha," mama akajibu. Wazazi wetu mwawajua. Hata akiwa taabani, atakwambia hajambo.

Msichana alikwenda kwa muuguzi wa zamu, ambaye peke yake alikuwa na wadi nzima ya kuangalia, na wakati huo alikuwa akihangaika na mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Aliambiwa amalize kwanza vitanda vilivyosalia. Hakubishana. Alirudi kwa mama na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, akapima na joto, kisha akaenda tena kwa muuguzi na safari hii hakusema kwamba mgonjwa "haonekani vizuri". Alisema: "Sista, mgonjwa wa kitanda cha 14 anapumua mara 34 kwa dakika, nimehesabu mara mbili. Oksijeni ni asilimia 88. Joto ni 38.6."

Muuguzi aliacha alichokuwa akifanya akaja mbio. Baada ya robo saa daktari alikuwa pale, mama akawekewa oksijeni, na picha ya kifua ikaonyesha kwamba alikuwa na nimonia, maradhi yanayowanyemelea sana wazee wanaolala chali siku nyingi. Daktari aliniambia waziwazi kwamba lau angengojwa hadi raundi ya kesho yake, huenda tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa.

Mama alipona. Lakini swali lilibaki kichwani mwangu: ilikuwaje mwanafunzi wa mwaka wa pili akaliona jambo lililowapita watu wenye vyeti na miaka ya kazi? Siku zilizofuata, kila alipopata nafasi ya kunywa chai, nilimwuliza, na kupitia kwake nikajuana na wenzake kadhaa. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu safari ya vijana hawa kutoka dawati hadi kitandani.

Bloku na wadi

Anayetaka kusomea diploma ya uuguzi nchini huwa amepita mtihani wa KCSE, kwa kawaida akiwa na gredi ya wastani ya C au zaidi, na somo la bayolojia likiwa mojawapo ya yale yanayoangaliwa kwa makini. Wengi huenda katika kampasi za Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, kilichoanza mwaka wa 1927 na ambacho sasa kina kampasi katika kaunti nyingi. Wengine husomea katika vyuo vya hospitali za misheni na vya kibinafsi. Wapo pia wanaokwenda vyuo vikuu kusomea shahada ya miaka 4. Wote hao, mwisho wa yote, husimama mbele ya mwamuzi mmoja, yaani Baraza la Uuguzi la Kenya, linalotoa mtihani na leseni kwa mujibu wa sheria, Sura ya 257.

Masomo yenyewe hugawanywa mafungu mawili yanayopokezana. Kuna majuma ya darasani, ambayo wanafunzi huyaita bloku, na majuma ya wadini. Darasani wanasoma maumbile ya mwili, dawa, viini vya maradhi, lishe na hata saikolojia. Wadini wanazungushwa: leo wadi ya maradhi ya kawaida, mwezi ujao ya upasuaji, kisha ya watoto, ya uzazi, kliniki ya mama na mtoto, na vijijini kwenye afya ya jamii. Kwa maradhi ya akili wengi hupitia Hospitali ya Mathari jijini Nairobi.

Mpango huu si mgeni. Florence Nightingale alipoanzisha shule yake ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka wa 1860, wanagenzi wake walijifunzia kazi ndani ya wadi, chini ya macho ya sista mkuu. Tangu hapo, kokote duniani uuguzi unakofunzwa, hakuna aliyewahi kupata njia ya kumfanya mtu awe muuguzi bila kumpeleka kwa mgonjwa.

Chungwa halipigi kelele

Kabla ya kumgusa mtu, mwanafunzi hupitia chumba cha mazoezi. Humo mna sanamu ya mpira iliyolazwa kitandani, ambayo huoshwa, hugeuzwa, huwekewa mipira ya mkojo na kudungwa siku nzima bila ya kulalamika. Mwalimu huonyesha, mwanafunzi hurudia mbele ya wenzake, na asipoweza hurudia tena. Sindano ya kwanza wengi huidunga kwenye chungwa, kwa kuwa ganda lake hukataa kidogo na kisha kukubali, kama ngozi.

Darasani nyuzi zote zinakaririwa. Sindano ya ndani ya msuli huingia wima, nyuzi 90. Ile ya chini ya ngozi huingia kwa nyuzi 45. Ile ya ndani ya ngozi yenyewe, kama chanjo ya BCG anayopigwa mtoto mchanga mkono wa kushoto, hulazwa karibu sawa na ngozi, nyuzi 10 hadi 15. Ukidunga tako, unaligawa mafungu manne kwa macho na kuchagua fungu la juu la nje, ili usiuguse mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mshipa huo ukijeruhiwa, mtu huenda akachechemea maisha yake yote.

Halafu siku ya siku inafika. Mgonjwa ni mzee mnene, au ni mtoto anayerusha mateke huku mama yake akilia. Mwanafunzi mmoja wa kiume aliniambia kwamba siku hiyo mikono yake ilitetemeka hata akashindwa kufungua kichupa cha dawa, na jambo lililomchanganya zaidi ni kwamba mgonjwa alikuwa akimwita "daktari". Katika hospitali zetu muuguzi mwanamke ni "sista" na mwanamume ni "daktari", hata kama alianza masomo mwezi uliopita! Alijieleza kwa upole kwamba yeye ni mwanafunzi, mkufunzi wake akiwa amesimama nyuma yake, na mgonjwa akamwambia aendelee tu kwani hata daktari mkuu alianza hivyo hivyo.

Alichokikumbuka wakati huo hakikuwa ukurasa wa kitabu. Kilikuwa orodha fupi ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi hukariri hadi anaiota usiku: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Darasani orodha hii huonekana kama mchezo wa watoto. Wadini, ambako wagonjwa wawili wanaweza kuwa na jina moja na kulala vitanda vinavyotazamana, ndipo mtu anapofahamu kwa nini aliambiwa amwulize mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, badala ya kumwuliza "Wewe ndiwe fulani?" Mgonjwa aliyesinzia hujibu "ndiyo" kwa kila swali.

Hesabu za matone

Mfano mwingine ni ule wa kuwekewa maji. Hesabu yake ni nyepesi kwenye ubao. Mgonjwa apewe lita 1 kwa saa 8. Lita 1 ni mililita 1,000, na saa 8 ni dakika 480. Kama mpira unaotumika hutoa matone 20 kwa kila mililita, unazidisha 1,000 kwa 20 kisha unagawa kwa 480, unapata takriban matone 42 kwa dakika.

Darasani wote hupata alama zote. Wadini, kama hakuna mashine ya kuhesabu matone, mwanafunzi husimama na saa yake akisogeza kidude cha mpira hadi matone yafike 42. Anaondoka akijipongeza. Anaporudi baada ya saa moja anakuta yameshuka hadi 15, kwa sababu mgonjwa alikunja mkono alipokuwa akinywa uji. Kumbe hesabu haimalizwi mara moja, hufanywa tena kila upitapo hapo.

Na kuna mtego mwingine. Mipira si aina moja. Ipo ya matone 15 kwa mililita, na ya watoto hutoa matone madogo 60. Anayekariri 20 bila ya kusoma pakiti, akautega mpira wa 15 kwa matone 42, lita nzima itamwishia mgonjwa kwa takriban saa 6. Kwa kijana mwenye nguvu huenda lisiwe neno. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, maji hayo yanaweza kumjaa mapafuni.

Kitabu kinasema hivi, wadi inasema vile

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kila mwanafunzi niliyezungumza naye alikiri kwamba jambo gumu zaidi si damu, si harufu, wala si kukesha usiku. Ni kule kufika wadini na kuona mambo yakifanywa tofauti na alivyofunzwa.

Darasani kidonda husafishwa kwa vifaa vilivyotakaswa viini, kila mgonjwa na pakiti yake. Wadini pakiti zimekwisha. Darasani mgonjwa hufunikwa kwa pazia kabla ya kuoshwa. Wadini pazia halipo. Darasani mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia. Wadini kuna muuguzi mmoja na safu mbili za vitanda. Mwanafunzi afanye nini? Akishika kitabu neno kwa neno, ataambiwa anachelewesha kazi. Akifuata kila afanyalo mkubwa wake, atajifunza makosa pamoja na ujuzi.

Yule msichana wa kitanda cha 14 alinipa jibu ambalo naona lingewafaa hata wasiokuwa wauguzi. Alisema mkufunzi wao aliwafunza kwamba usiikariri kanuni tu, ujue na sababu yake, kwa kuwa ukiijua sababu utajua sehemu ipi yaweza kubadilishwa na ipi haiguswi.

Chukua lile pazia. Sababu yake ni stara ya mgonjwa. Kama pazia hakuna lakini jamaa wawili wapo na leso zao, leso hizo zikishikwa vizuri stara inapatikana. Hapo mwanafunzi amebadilisha njia lakini hakuiacha maana. Kugeuza wagonjwa ni hivyo hivyo. Kama muuguzi ni mmoja, jamaa anaweza kuonyeshwa jinsi ya kumgeuza mgonjwa wake bila ya kumwumiza, na kazi ikagawanyika.

Lakini chukua glavu. Ukiona mtu amevaa glavu zile zile kutoka kitanda hadi kitanda kwa sababu zimeadimika, hapo maana yenyewe imepotea, kwa kuwa glavu hizo sasa zinamkinga aliyezivaa na kuwasambazia wagonjwa viini. Afadhali mikono mitupu iliyooshwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2009, lilitaja nyakati 5 za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye.

Wanafunzi wanapofunzwa jambo hili husimuliwa kisa cha daktari Ignaz Semmelweis wa hospitali moja ya uzazi mjini Vienna. Mwaka wa 1847 aligundua kwamba akina mama walikuwa wakifa kwa wingi katika wadi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ambao walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Alipowaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vilipungua sana. Kisa hicho kina uchungu wake, maana waliobeba mauti mikononi walikuwa watu waliokuja kujifunza kuokoa maisha.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye zile 20, 20, 20 za mama yangu. Kupima presha kuna mashine. Kupima joto kuna kipimajoto. Kuhesabu pumzi hakuna mashine wadini ila macho, saa na dakika nzima ya subira. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hivyo aliyelemewa na kazi huandika 20 na kuendelea. Siwalaumu sana wauguzi wetu, kwa kuwa niliwaona kwa macho yangu wakikosa hata nafasi ya kukaa. Lakini pumzi zinazokwenda mbio ni mojawapo ya dalili za mapema kabisa kwamba mgonjwa anaharibikiwa, mara nyingi kabla presha haijashuka. Anayeruka dakika hiyo moja anajifungia mlango wa kuonywa.

Na kwa nini alijifanya anapima mapigo ya moyo? Hiyo pia ilitoka darasani. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, hubadilisha anavyopumua bila ya kukusudia. Kwa hivyo unamshika mkono kana kwamba unapima mapigo, huku macho yako yako kifuani.

Elimu huenda pande mbili

Isidhaniwe kwamba daima mwanafunzi ndiye anayepokea. Katika wadi za uzazi kuna karatasi ya mistari inayoitwa patografu, ambayo muuguzi huandika humo jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka, mapigo ya moyo ya mtoto na nguvu za uchungu. Chanzo chake ni kazi ya madaktari Philpott na Castle, waliochapisha utafiti wao mwaka wa 1972 katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba mlango huo hufunguka sentimita 1 kila saa, na mstari ukivuka upande wa kulia, mama apelekwe kwa daktari.

Baadaye ilidhihirika kwamba akina mama wengi wazima hujifungua salama bila ya kwenda kwa mwendo huo. Mwaka wa 2018 WHO ilibadilisha ushauri wake, na mwaka wa 2020 ikatoa karatasi mpya inayohesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5. Mwanafunzi wa leo anaweza kufika wadini na elimu hiyo mpya, akamkuta muuguzi aliyezalisha mamia ya watoto kwa karatasi ya zamani. Wote wawili wana jambo la kufunzana. Huyu analeta mwongozo mpya, na yule ana mikono inayoweza kulipapasa tumbo na kujua mtoto amekaa vipi kabla ya mashine kuwashwa.

Mmarekani Patricia Benner, katika kitabu chake cha mwaka wa 1984, alieleza kwamba muuguzi hupitia ngazi 5, kuanzia mwanagenzi anayefuata kanuni tu hadi bingwa anayeiona hali nzima kwa mtazamo mmoja. Hakuna anayerukishwa ngazi. Lakini bingwa aliyechoka anaweza kupitwa na mwanagenzi aliye makini, na kisa cha mama yangu ni ushahidi.

Kwa sababu hiyo mtu muhimu zaidi katika mafunzo haya ni yule anayesimama nyuma ya mwanafunzi. Mgomo wa wauguzi wa mwaka wa 2017 ulipodumu kwa takriban miezi 5, si wagonjwa peke yao walioumia. Wadi zilizokosa wauguzi zilikosa walimu pia. Vivyo hivyo mwaka wa 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya Korona, yapo masomo yaliyoweza kufuatwa kwa kompyuta, lakini nani angejifunza kupapasa tumbo la mjamzito kupitia kwenye kioo?

Hata siku za kawaida tatizo lipo. Wanafunzi wanapokuwa wengi kitandani kuliko jamaa za mgonjwa, wa mbele ndiye anayefanya, wa nyuma anatazama migongo ya wenzake. Kila mwanafunzi ana kijitabu cha kutiwa sahihi kwa kila kazi aliyoifanya. Kishawishi cha kutafuta sahihi bila ya kuifanya kazi ni kikubwa. Anayekubali kishawishi hicho anajidanganya, maana sahihi haitamsaidia siku atakapokuwa peke yake usiku wa manane na mama anayetokwa na damu.

Jambo lisilo na maabara

Kuna somo moja ambalo sanamu ya mpira haiwezi kulifunza. Msichana huyu alinisimulia kifo chake cha kwanza. Alikuwa amemlisha mgonjwa uji asubuhi, wakataniana. Jioni aliitwa kusaidia kuuosha mwili, kuufunga kidevu na kuufunika shuka. Hatua zote alikuwa amezisoma na alizifuata moja baada ya nyingine. Alipomaliza alikwenda kwenye chumba cha kusafishia vyombo akalia. Muuguzi mkongwe alimfuata, hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwambia anawe uso, waende pamoja kuzungumza na familia, kwa kuwa walio hai bado walikuwa wakingoja kuhudumiwa. Aliniambia kwamba alijifunza mengi katika ile nusu saa aliyomtazama muuguzi huyo akiwapa watu habari mbaya, akiwa ameketi, kwa sauti ya chini, bila ya haraka.

Wazazi na wanafunzi mzingatie haya

Mzazi aliye na mtoto katika kozi hii ajue kwamba karo si gharama pekee. Kuna sare, viatu vya kufunika, saa yenye mshale wa sekunde na nauli za zamu zinazoanza alfajiri au kuisha usiku. Hakikisha amepata chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa mara 3, kabla ya kuanza kushika sindano. Na umwambie kwamba akichomwa na sindano iliyotumika asione haya wala asifiche. Anawe kwa sabuni na maji, aripoti mara moja, na aanzishiwe dawa za kuzuia HIV haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Dawa hizo humezwa kwa siku 28.

Wewe mwanafunzi, usione aibu kusema "hili sijalifanya bado". Mgonjwa hafi kwa neno hilo, lakini huweza kufa kwa ukimya wako. Ukiona jambo baya, usiende kwa mkubwa wako na hisia, nenda na tarakimu. Kama ulivyoona hapo juu, "haonekani vizuri" iliambiwa ingoje, lakini 34, 88 na 38.6 zilimfanya mtu akimbie. Na usiandike kamwe kipimo ambacho hukupima.

Nasi wagonjwa na jamaa zao tuwe na subira. Una haki ya kumwuliza anayekuhudumia kama ni mwanafunzi, na una haki ya kumkataa. Lakini kumbuka kwamba kila sista unayemwamini leo alijifunza kwa mwili wa mtu aliyekubali jana.

Mama yangu siku hizi anatembea kwa mkongojo na amegeuka muuguzi wa ukoo. Mjukuu akikohoa, anamlaza kifudifudi mapajani, anamvua shati, anaitisha simu yenye saa na kuhesabu pumzi mgongoni kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii. Msichana wa kitanda cha 14 alimwachia vipimo hivi, nami nakupa wewe msomaji uvibandike kwenye mlango wa kabati. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua mbio kupita kiasi. Usingoje kupambazuke, mpeleke hospitalini.